Mashua Hukalafatiwa, Nyumba Je?

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatangaza kwamba kimekwisha nguvu baada ya kugusa nchi kavu. Upande wa bara, mvua iliyofuatana nacho ilikata barabara ya kwenda Lindi na kuingiza maji majumbani mwa watu wa Kilwa. Siku zilizofuata mazungumzo ya pwani yalikuwa ya nyumba, na wengi walisema dawa ni kujenga upya kwa vifaa vizito zaidi: bati nene, saruji nyingi, nondo nene. Maneno hayo yamenirudisha kwenye miaka niliyoishi Mafia, miaka ambayo kisiwa kilikuwa kikivua makuti na kuvaa mabati. Niliyoyaona katika kipindi hicho kirefu yananifanya nisikubaliane na dawa hiyo. Upepo wa siku moja mara nyingi humalizia tu nyumba iliyokwisha kuliwa na chumvi na maji kwa miaka mingi bila mtu kuisimamia. Kwa hiyo anayeanza leo kushika nyundo nyumbani kwake, awe Kilindoni au kwingineko pwani, aanze na matunzo. Ujenzi utafuata.

Katika kipindi hicho nyumba za aina mbili zilisimama mtaa mmoja, tangu Utende hadi Kirongwe na Bweni. Ile ya zamani ilikuwa ya miti na udongo: miti ya mikoko, kiambaza kilichokandikwa, paa la makuti ya viungo. Mikoko ilipatikana kwa wingi delta ya Rufiji, ng'ambo ya mkondo, na wauzaji waliipanga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba ya namna hii ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuithamini wakati huo, nayo ni kwamba ilidai haki yake waziwazi. Kuti likioza, mwanga uliingia chumbani. Udongo ukibanduka, fito zilionekana tangu barabarani. Kila baada ya miaka michache paa liliezuliwa na kuezekwa upya, na kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wanawake walisuka makuti, wanaume walipanda na kufunga, vijana walipokezana mizigo, na majirani walifika kwa msaragambo wakijua zamu yao itafika. Kipindi hicho kilinifundisha kwamba ujuzi wa kutengeneza nyumba ulikuwa umegawanywa kwa mji mzima. Mtoto alifika utu uzima akiwa ameshiriki kuezeka mara kadhaa, na hakuna aliyehitaji kuitwa mwanafunzi.

Kisha yakaja mabati na matofali ya saruji, na sababu za kuyapenda zilikuwa za haki. Makuti huwaka moto haraka na hufuga panya na wadudu. Idadi ya watu ilikuwa ikipanda, miti mizuri ilikuwa ikipungua, na uvunaji wa mikoko ulikwisha kuwekewa masharti. Mtu aliyeuza nazi au samaki na kuweka akiba alinunua bati kipande kimoja kimoja, akalihifadhi chini ya kitanda hadi mabati yatimie. Simlaumu hata kidogo. Lakini pamoja na bati ilikuja dhana mpya, kwamba sasa nyumba imekamilika na mwenye nyumba amestarehe. Fundi alikuja, akaezeka, akalipwa, akaondoka, na hakuna aliyepanda tena juu ya paa lile mpaka lilipovuja. Mji uliokuwa na waezekaji mia ukabaki na mafundi wachache na wateja wengi. Watu hawakuwa wamekuwa wavivu. Nyumba mpya ndiyo iliyokuwa haisemi: bati huoza kwa ndani ya tundu la msumari na nondo huliwa ndani ya zege, mahali ambapo macho hayafiki.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba lilitokea kwenye kisiwa ambacho watu wake wanajua matunzo kuliko wengi wetu. Kisiwa jirani cha Jibondo kina sifa ya mafundi wa kuunda vyombo, na pwani nzima ya Mafia huishi kwa mashua, ngalawa na jahazi. Hakuna nahodha anayesema chombo chake kimekamilika. Maji ya bamvua yakifika, chombo hupandishwa juu, chini yake hupigwa moto ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, nyufa hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, ubao wa nje hupakwa sifa, na sehemu inayokaa majini hupakwa deheni. Kazi hii hufanywa chombo kikiwa kizima, kabla hakijaonyesha kilema, na anayeichelewesha huonwa mjinga. Mtu yuleyule akirudi nyumbani, kwenye ukuta unaopigwa na hewa ileile ya chumvi, husubiri hadi dari lianguke. Kwa maoni yangu basi hatuna haja ya kuwaletea watu wa Mafia elimu ngeni. Elimu wanayo ufukweni. Haijapandishwa mpaka nyumbani.

Ushahidi wa zamani zaidi wa hoja hii uko kisiwani Juani na kisiwani Chole. Kua, mji wa Juani ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, umebaki magofu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Chole ilikuwa makao ya utawala mpaka Wajerumani walipohamishia shughuli zao Kilindoni karibu na mwaka 1913, na majumba yake leo yameshikwa na mizizi ya miti. Anayetembelea magofu hayo huvutiwa na kuta, na ni kweli kuta zile ni za ajabu. Mimi nadhani swali lenye faida kwa mwenye nyumba ni jingine: kitu gani hakipo? Kuta zipo, milango ya tao ipo, visima vipo, mapaa hayapo. Watu wakishaondoka na paa likakosa mtu wa kuliangalia, maji huingia kwenye kilele cha ukuta, chokaa hulegea, mbegu huota, na mzizi humaliza kazi. Jengo la mawe lenye unene wa dhiraa nzima hufa kwa njia ileile ya kibanda cha udongo, kuanzia juu kwenda chini. Funzo la mpangilio wa kazi limo humo: anayeanza asianze na rangi ya sebule wala vigae vya sakafu. Aanze juu.

Na juu huko, kazi ya kwanza ni ndogo kiasi cha kuchekesha: msumari. Bati letu la migongo huuzwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba, ndiyo maana geji 32 ni rahisi kuliko 28. Watu hubishana sana juu ya geji dukani na kusahau kwamba bati la geji yoyote huanza kufa pale lilipotobolewa. Msumari wa kawaida usio na kofia pana wala mpira hupata kutu upesi kwa hewa ya kusi. Ukigongwa bondeni badala ya mgongoni, maji yanayoteremka hupita juu yake kila mvua. Tundu hupanuka, tone huingia, papi iliyo chini huoza, msumari hukosa cha kushika, na siku upepo ukija bati hilo huwa la kwanza kunyanyuka. Baada ya moja kunyanyuka, upepo huingia chini ya mengine. Mnyororo huu wote unaweza kukatwa na mtu asiye fundi, kwa nyundo, mfuko wa misumari yenye kofia na mpira, na lami kidogo ya kuziba matundu ya zamani. Masharti ni machache: apande asubuhi paa likiwa kavu, ngazi ishikwe na mtu wa pili, akanyage kwenye mstari wa misumari ambako papi iko chini yake, na asipande kabisa ikiwa kenchi zimeoza. Hapo fundi aitwe.

Kazi ya pili ni gata, na hapa bati linastahili sifa ambayo makuti hayakuwa nayo, kwani hutoa maji yanayofaa kutunzwa. Visima vya Mafia havifanani. Vingine vina maji matamu, na vingine vikivutwa sana huanza kuonja bahari. Jibondo kwa miaka mingi wakazi walivusha maji ya kunywa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 1,200. Tukitoa zinazorukia nje na kupotea, bado karibu lita 1,000 huingia tangini, yaani ndoo kubwa zisizopungua arubaini na tano. Kwa anayejifunza, hakuna mradi mwingine unaofundisha mambo mengi kwa gharama ndogo hivi. Atajifunza kutumia pimamaji, kwa sababu gata lisilo na mteremko hugeuka dimbwi la mbu. Atajifunza kupima kabla ya kukata. Atajifunza kuyaacha maji ya mvua ya kwanza yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo mengine yaelekezwe tangini. Na atauokoa ukuta wake, maana maji yaliyokuwa yakimwagika kando ya msingi na kurusha matope kwenye plasta sasa yana njia.

Kazi ya tatu ni ya saruji, na hapa mwanafunzi anahitaji onyo zaidi ya maelekezo. Kabla ya saruji ya kiwandani, ambayo Tanzania ilianza kuizalisha Wazo Hill mwaka 1966, pwani ilijenga kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Mafia iliendelea kuyachimba hata baadaye, mpaka madhara ya miamba yalipokuwa makubwa. Sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyofuata mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, viliweka mpaka. Waliobaki bila matumbawe walihamia kwenye tofali la saruji, na kwa kuwa saruji na kokoto vyote huvuka bahari na nauli yake, wengi walijaribu kuokoa fedha kwenye mchanga. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, uko karibu, unang'aa, na ndani yake umejaa chumvi. Chumvi hiyo ikikutana na nondo ndani ya zege huleta kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Methali yetu ya ufa na ukuta inadhani ufa ni mwanzo wa ugonjwa. Kwenye lenta iliyochanganywa na mchanga wa bahari, ufa ni taarifa ya mwisho. Anayeanza afanye kazi ndogo zisizo na nondo, kama kuziba plasta iliyobanduka au kusawazisha kizingiti, kwa mchanga wa shimo wa nchi kavu na maji matamu, na azimwagilie kwa siku saba mfululizo. Mafundi wengi huharakisha hapo, kwa kuwa siku ya kumwagilia haina malipo. Mwenye nyumba yupo siku zote saba, na hiyo ni faida yake.

Kuna jambo la nne ambalo linahusu waliorithi nyumba za mawe. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipakwa plasta ngumu ya saruji kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na baada ya muda tabaka lote hubanduka likiwa limeshika vipande vya ukuta wenyewe. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wamelisema hili kwa miaka mingi, nalo linafaa kukumbukwa kila penye jengo la kale pwani. Kutengeneza kwa kitu chenye nguvu zaidi kunaweza kuwa kubomoa. Dawa ya ukuta wa chokaa ni chokaa, kwa brashi, kila mwaka kiangazi. Ni kazi ambayo hata kijana wa shule ya msingi aweza kuifanya akikinga macho na mikono ili visiungue.

Nikiyajumlisha yote haya napata kalenda, na kalenda ndiyo kitu ambacho nyumba ya makuti ilikuwa nayo na nyumba ya bati imekosa. Februari, kabla ya masika, ni mwezi wa paa: misumari, matundu, gata na majani yaliyoziba bomba. Masika yenyewe ni wakati wa kutazama tu na kuweka alama ya mkaa mahali penye tone, kwa sababu tundu lisilojulikana likikauka halionekani. Kusi likitulia, vyuma vya madirisha na bawaba za milango huoshwa kwa maji matamu, hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Vuli inapokaribia, msingi huzungukwa mara moja kutafuta njia za mchwa, ambao hupanda ndani ya vijia vya udongo hadi kwenye kenchi. Kaskazi na jua lake ni wakati wa chokaa. Hakuna hata moja katika kazi hizi inayozidi siku mbili, na hakuna inayohitaji kifaa ambacho jirani hana cha kuazimisha.

Nasikia pingamizi, na la kwanza ni la mafundi: mwenye nyumba akijifunza, fundi atakula nini? Miaka ya makuti inajibu. Mji ambao kila mtu alijua kufunga kuti bado ulikuwa na mafundi wa kuheshimiwa, waliopangiwa kazi zilizostahili ujuzi wao. Anayejua kusoma pimamaji na timazi hamwondoi fundi. Hujua kumchagua, hujua kwa nini mmoja ni ghali kuliko mwingine, na humlipa bila ugomvi kwa kuwa ameona kazi iliyofanyika. Anayeumia na mteja mjuzi ni yule anayechanganya saruji kidogo na kuificha kwa plasta laini.

Pingamizi la pili ni hatari, na hili nalikubali nusu. Umeme si kazi ya kujifunzia. Sheria inataka nyaya za nyumba zifungwe na mtu mwenye leseni ya EWURA kabla ya TANESCO kuunganisha, na sababu yake ni miili ya watu, hasa kwenye kuta zenye unyevu wa chumvi. Vivyo hivyo kuondoa ukuta unaobeba, kuongeza ghorofa au kugusa kenchi kuu. Mwanafunzi mzuri hujulikana kwa orodha ya mambo anayokataa kufanya. Lakini hatari ya kazi chache isitumiwe kuwanyima watu kazi nyingi zisizo na hatari.

La tatu ni umaskini: mvuvi anayetoka alfajiri hana muda, na mwenye shamba hana fedha. Hoja hii ingekuwa nzito kama matunzo yangekuwa anasa ya juu ya ujenzi, lakini mpangilio ni kinyume. Asiye na fedha ya bati jipya ndiye mwenye haja kubwa ya misumari yenye mpira. Muda nao ulikuwepo wakati wa makuti, kwa watu maskini kuliko wa leo, kwa sababu ulitolewa kwa zamu na jirani. Tulichopoteza ni msaragambo, na huo unaweza kurudi bila makuti kurudi: nyumba tano, ngazi moja, Jumamosi moja ya Februari. Wanawake wasiachwe nje ya zamu hiyo kwa kisingizio kwamba bati ni kazi ya wanaume. Walisuka paa la kisiwa hiki kwa vizazi, na mara nyingi ndio wa kwanza kujua tone linaangukia wapi.

Pingamizi la mwisho ndilo lililoanzisha makala haya: kimbunga hakijali mpira wa msumari. Ni kweli, upepo kama uliopiga Zanzibar mwaka 1872 au Lindi mwaka 1952 hauombi ruhusa. Lakini miaka mingi hupita kati ya tufani moja na nyingine, na katika miaka hiyo kusi halikosi, masika hayakosi, na chumvi haina msimu. Nyumba itakayofika siku ya tufani ikiwa na papi nzima na misumari iliyoshika ina nafasi. Iliyochoka haina, hata kama mabati yake yalinunuliwa mazito. Ndiyo maana serikali na wahisani wakigawa mabati baada ya maafa, wagawe pamoja nayo misumari inayostahili, ngazi kwa kila mtaa, na siku moja ya mafunzo kabla ya masika yanayofuata. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya kugawa bati la pili kwa mtu yuleyule.